Etelvina Kwenye Usukani

Siku waliyofunga ndoa katika ofisi ya manispaa ya Avilés mvua ilinyesha tangu asubuhi, na Etelvina, mwenye miaka sitini na sita, alitoka mlangoni amejifunika gazeti kichwani, akicheka kama msichana aliyetoroka shule. Bwana harusi, Laureano, alikuwa amempita miaka minne. Alivaa suti ya kijivu na kofia mpya, na aliteremka ngazi ameshikwa mkono na mkewe. Watu walisema, tazama mapenzi ya wazee. Mapenzi yalikuwepo, lakini pia ngazi zenyewe hakuziona. Macho ya Laureano yalikuwa yameharibika katikati. Akikutazama usoni aliona masikio yako na mabega yako, lakini pua na midomo vilimezwa na doa la kijivu. Ndiyo maana aliwatazama watu kwa upande, kama kuku anayechunguza punje, na wasiomjua walidhani anawadharau.

Mezani, walipokwisha kula maharage meupe na soseji za damu na keki imekatwa, Iván, mtoto wa kiume wa Etelvina, alisimama akamkabidhi mama yake bahasha. Ndani mlikuwa na tiketi za ndege za kwenda kisiwani Mallorca.

"Kila kitu kimeshapangwa, mama," alisema. "Mnapanda ndege, mnafika, mnakaa. Hamna kazi yoyote, ni kukaa tu."

Etelvina alizitazama tiketi kwa heshima, akazirudisha kwenye bahasha, na bahasha akairudisha mkononi mwa mwanawe.

"Ahsante, mwanangu. Nenda wewe na mkeo, mmechoka na kazi. Mimi nimekaa tu maisha yangu yote. Fungate yetu tunakwenda kwa gari."

"Kwa gari? Wapi?"

"Mlimani, halafu pwani, mpaka San Sebastián. Na nitaendesha mimi."

Iván alimgeukia Laureano kutafuta msaada. Laureano alikuwa anaitazama taa ya ukutani, maana yake alikuwa anamtazama yeye.

"Mama, zile barabara za milimani si za…"

"Si za nani?"

Iván aliketi, akamenya chungwa ambalo hakulila.

Etelvina alikuwa ameuza samaki sokoni Avilés tangu usichana wake. Kila alfajiri alishuka mnadani bandarini, akagombea jodari na ngisi dhidi ya wanaume wenye sauti kama honi za meli, kisha akasukuma mkokoteni wake wa makreti kwenye sakafu yenye maji na magamba. Marehemu mumewe, Fermín, alifanya kazi kiwanda cha chuma. Alikuwa mtu mwema, hakuna aliyewahi kusema vinginevyo, na Etelvina alimlilia kwa haki. Ila gari lilikuwa la Fermín. Kila Jumapili walipotoka kwenda kupunga upepo, Etelvina alikaa kiti cha pembeni amepakata sufuria ya chakula. Siku moja alipomwomba amfundishe, Fermín alicheka bila ubaya wowote, akamuuliza, "Utakwenda wapi, na mimi nipo?"

Kisha ikafika siku hakuwepo. Gari jekundu lilikaa gereji mwaka mzima limefunikwa shuka, na Etelvina alilipita kila asubuhi akienda kituo cha basi na kapu lake. Asubuhi moja aliitoa ile shuka, akaifua, akaianika, akaenda shule ya udereva. Wenzake darasani walikuwa vijana wa umri wa wajukuu. Wao walipita mtihani wakaondoka, wakaja wengine nao wakapita, yeye bado yupo. Mkaguzi mmoja alimshauri kwa upole atafute burudani nyingine, kufuma kwa mfano. Siku aliyopata leseni, Etelvina aliipeleka sokoni akailaza juu ya barafu, katikati ya dagaa na ngisi, na hakuiondoa mpaka kila muuzaji alipopita kuiona.

Laureano alimpata barabarani. Gari lilikuwa limemzimikia mbele ya kituo cha basi, magari nyuma yake yanapiga honi, na mzee mmoja mrefu mwenye kofia akaja akagonga kioo.

"Mama, tia gia ya kwanza."

"Najua," alijibu Etelvina. "Panda au ondoka, lakini usinisimamie hapo."

Laureano alipanda. Basi alilokuwa analisubiri lilipita akaliacha. Alikuwa dereva wa basi miaka mingi, kutoka Cangas de Onís kupitia korongo la Los Beyos mpaka Riaño, majira ya theluji na ya jua, na macho yalipomsaliti walimchukulia leseni. Tangu hapo hakuwa amekaa mbele ya kioo cha gari akaiona barabara inamjia. Sasa aliona kingo zake tu, lakini kingo nazo zilimtosha kumfanya anyamaze mpaka walipofika nyumbani kwa Etelvina. Unyamavu ule haukudumu ndani ya lile gari.

Kwani Jumatatu walipoanza safari ya fungate, hawajatoka hata mjini, mwalimu ndani ya Laureano alishaamka.

"Gia ya tatu."

"Hii ndiyo ya tatu."

"Basi ya nne."

"Laureano."

"Nasikia injini inalia, mke wangu. Macho yamekwenda, masikio yapo."

Akamwongoza hivyo barabara kuu nzima. Punguza. Ongeza. Usimfuate huyo karibu. Mguu toa kwenye klachi, hapo si mahali pa kupumzishia mguu. Jua lilikuwa limetoka, bahari ilikuwa inang'aa kushoto kwao, matofaa machanga yalikuwa yamejaa mitini, na Etelvina hakuona hata kimoja kati ya hivyo kwa sababu alikuwa anasikiliza amri. Walipofika Arriondas alikata kona akaingia kituo cha mafuta, akazima injini.

"Mbona tumesimama?" aliuliza Laureano. "Mafuta yapo."

"Shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Nyuma. Utakaa na masanduku. Masanduku hayajanifundisha kuendesha tangu tulipotoka nyumbani."

Laureano alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona mlango wa nyuma umefunguliwa na unangoja, aliacha kucheka. Alihamia nyuma, akakaa katikati ya masanduku mawili, kofia magotini, uso kama mtu aliyenyimwa pensheni. Etelvina alimnyooshea kipande cha mkate na jibini.

"Abiria haruhusiwi kula ndani ya gari," alisema Laureano.

Waliondoka. Waliupita mji wa Cangas kimyakimya, wakauacha, wakaanza kupanda na mto Sella. Ukimya wa Laureano ulijaa garini kuliko maelekezo yake, na mara mbili Etelvina alimtazama kwa kioo cha ndani, akamwona amegeuza uso dirishani, pua inapandisha hewa. Barabara ikaanza kubana. Milima ikasogea kutoka pande zote mbili mpaka anga likabaki mstari, na sauti ya maji ikaingia madirishani.

Laureano hakuweza tena.

"Tumeingia?"

"Tumeingia."

"Niambie."

Etelvina akamwambia. Alimwambia jiwe la mlima lilivyo jeupe juu na jeusi chini linapovuja maji. Alimwambia maji ni ya kijani, yana povu penye mawe, na miti ya chestinati imeota mahali ambapo hata udongo hakuna. Aliendesha polepole, akisimulia.

"Na kuna mbuzi kasimama juu kule, mahali ambapo hata mjusi angesita."

"Kushoto?"

"Kushoto."

"Basi huyo ni mjukuu wa yule wangu," alisema Laureano, na kwa sauti yake Etelvina alijua hasira zimekwisha. "Yule wangu alikuwa ananingoja nipite ndipo akojoe."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa bado wanacheka walipokata kona na kulikuta basi.

Lilikuwa basi kubwa la watalii, jeupe, pana kama nyumba, na lilikuwa limeziba barabara ukuta kwa ukuta. Etelvina alikanyaga breki. Upande wa kulia kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na chini yake mto. Upande wa kushoto jabali, na mbele basi. Nyuma yake mwenyewe alikuja kusimama mwendesha pikipiki mwenye ndevu nyekundu, akavua kofia yake ngumu na kuweka mguu chini.

Dereva wa basi aliteremka. Alikuwa kijana mwenye miwani ya jua aliyoipandisha kipajini, na shati limelowa jasho mgongoni.

"Habari za saa hizi, mama. Unaona ilivyo. Mimi siwezi kurudi, nina foleni nyuma, na wa kwanza kwenye foleni anavuta trela la majani."

"Kwa hiyo ninarudi mimi," alisema Etelvina.

"Itabidi. Pa kupishana panapotosha ni pale chini, ulipita." Kijana alikuna shingo. "Ni mbali kidogo. Nusu kilomita hivi, na kona mbili." Akainama, akachungulia ndani, akamwona Laureano kwenye masanduku. Uso wake ukatulia. "Aa, mzee yupo. Basi mwachie mzee ashike usukani, tumalize mara moja."

"Au mimi," alisema wa pikipiki kwa nyuma. "Mama, shuka tu, mimi nitakurudishia. Dakika moja."

Walisema kwa wema. Hilo ndilo lililomchoma Etelvina, kwamba hakuna aliyemtukana. Aliuona ule urefu wote wa barabara nyuma yake kwenye kioo kidogo, ukuta mfupi unaojipinda, maji yanayometameta chini, na mikono yake ikalowa. Alijua pia jambo jingine. Alijua kwamba nyuma yake amekaa mtu aliyelala na kuamka na barabara hii, ambaye angetamka neno moja tu, mimi ndiye niliyekuwa dereva wa hapa, na wote hao wangemwinamia na kumwomba ashauri. Tangu asubuhi alikuwa anatafuta pa kushauri. Sasa dunia nzima imemletea.

Laureano aliteremsha kioo chake. Aligeuza uso kwa upande, akimlenga kijana kwa jicho la pembeni.

"Kijana," alisema, "mimi ni abiria tu. Dereva ndiye huyo."

"Ndiyo, baba, lakini kurudi rivasi hapa…"

"Hukunisikia? Dereva ndiye huyo. La gari muulize yeye."

Kijana wa basi na yule wa ndevu nyekundu wakatazamana. Etelvina aliifuta mikono yake kwenye sketi, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akiifuta sokoni kabla ya kushika kisu.

"Sogea, mwanangu," alimwambia kijana. "Unanizibia kioo. Na wewe wa ndevu, tangulia na pikipiki yako kule chini, umzuie yeyote anayepanda. Nikikukuta umesimama njiani nitakupitia."

"Sawa, mama," alisema wa ndevu, na akageuza pikipiki haraka.

Etelvina alitia gia ya kurudi nyuma, akageuka. Katikati ya kioo cha nyuma, kikubwa kama boga, kilikuwa kichwa cha mumewe.

"Laureano, kichwa chako kimejaa dirisha lote."

"Nikipeleke wapi?"

"Lala."

Laureano akalala. Alijilaza ubavu juu ya masanduku, magoti yamekunjwa, kofia kifuani, na dereva wa basi akasimama pembeni ya barabara akimtazama mzee huyo mwenye tai akilazwa kama zulia. Etelvina aliachia klachi. Gari likaruka kidogo, likazima.

Mahali fulani nyuma ya basi mtu alipiga honi. Mwingine akaitikia. Ndani ya basi abiria walikuwa wameinuka vitini, nyuso zimebanana kwenye vioo, na kuna mtu alicheka. Etelvina alikisikia kicheko chenyewe, kifupi, cha mwanamume. Alikifahamu. Kilikuwa kile kile cha mnadani, cha asubuhi yake ya kwanza, alipofika na mkokoteni ulio mkubwa kuliko yeye, akaambiwa anazuia njia. Asubuhi ile aliupeleka mkokoteni kinyumenyume katikati yao wote mpaka ukutani, na wenye miguu waliiondoa.

Akawasha tena.

Safari hii gari lilikwenda. Likaenda polepole, kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, na Etelvina aligeuka mwili mzima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mgongo wa kiti cha pembeni, shingo inamuuma. Jicho moja kwenye kioo cha kulia, kwenye ukuta. Jicho jingine dirishani nyuma. Ukuta ulikaribia, akaukwepa. Ukakaribia tena. Basi lilimfuata taratibu kutoka mbele, linahema, likiijaza nafasi yote anayoiacha.

Kutoka kwenye masanduku hakukutoka sauti. Etelvina alijua Laureano anasikia kila kitu. Anasikia injini, anasikia changarawe chini ya tairi, na pengine anasikia hata mapigo ya moyo wake yeye.

"Sema kitu," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote. Isipokuwa gia."

Laureano alifikiri.

"Ile blauzi ya harusini," alisema kutoka chini. "Ya kijani."

"Ilikuwa ya bluu."

"Kwangu ilikuwa ya kijani. Ilikupendeza mabegani. Mimi mabega yako nayaona vizuri sana, unajua. Siku ile ya kituo cha basi, nilipoingia garini, niliona mabega tu, nikasema, huyu akiwa na uso mbaya shauri yake, mabega yanatosha."

"Nyamaza, tunafika kwenye kona."

"Nimenyamaza."

Kona ya kwanza waliipita. Kwenye ya pili jabali lilitokeza, na ukuta wa mto upande wa pili ulikuwa umebomoka kipande, pengo la upana wa meza ya kulia. Etelvina alisimamisha gari. Alivuta breki ya mkono, akafungua mlango, akashuka. Honi zikaanza tena. Hakuzijali. Alikwenda akalitazama lile pengo, akalitazama tairi lake la nyuma, akapima kwa macho, akarudi upande wa jabali akapima na huko, mikono kiunoni, kama anayechagua samaki na hana haraka ya kununua. Dereva wa basi alitoa kichwa dirishani akataka kusema neno, akabadili mawazo. Etelvina alirudi, akakaa, akafunga mkanda.

Alilipita lile pengo. Tairi lilipita mbali na ukingo kwa kadiri ya kiganja, na jiwe lile la mwisho likateleza kwenye kioo cha pembeni na kubaki mbele. Chini kidogo ndevu nyekundu zilikuwa zimesimama katikati ya barabara, mikono juu, zimezuia magari matatu. Pembeni palikuwa na uwanja mdogo wa changarawe, ambapo wavuvi huacha magari yao. Etelvina aliingia humo kinyumenyume, akanyoosha tairi, akazima injini.

Basi likapita. Lilipita karibu sana hivi kwamba wangeweza kupeana mikono na waliokuwa ndani. Walikuwa wazee, wengi wao wanawake, na kwanza alipiga makofi mmoja, halafu safu nzima, halafu basi zima. Bibi mmoja mwenye nywele za zambarau alifungua kile kidirisha kidogo cha juu, akapaza sauti.

"Mwenzangu! Safari ya wapi?"

"Fungate!" alijibu Etelvina.

"Ya nani?"

"Yangu!"

Wanawake wa basi lile walipiga kelele mpaka korongo likaitikia. Laureano, aliyekuwa anajiinua kutoka kwenye masanduku na nywele zimemsimama, alivaa kofia yake ili aweze kuivua na kuwasalimia, na hapo kelele zikazidi maradufu. Dereva kijana alipiga honi mara moja, ndefu, akagusa kipaji chake kwa vidole viwili. Alimwangalia Etelvina peke yake alipofanya hivyo.

Foleni ilipokwisha kupita na wa ndevu kwenda zake, Etelvina alishuka akakaa kwenye ukuta wa mawe. Laureano alipapasa mlango, akatoka, akaja kukaa pembeni yake. Walisikiliza maji.

"Ulimi nimeuuma," alisema Laureano hatimaye. "Sikutanii. Nadhani unatoka damu."

"Kwa nini hukusema? Ungesema wewe ni nani, wangekupa heshima yako."

"Heshima yangu naijua, sikuiacha pale." Aligeuza uso kwa upande ili aone kingo za mkewe. "Nimelala juu ya lile sanduku nikawaza, miaka yote ile nimewabeba watu hapa, wanalala, wanatapika, wanasali, hakuna aliyewahi kunibeba mimi. Leo nimebebwa. Na nimebebwa na mkono wa kweli, Etelvina. Nilikuwa nausikia usukani."

Etelvina alitaka kulia, likamtoka cheko, na cheko lilipokuja lilikuja kubwa, akamshika mumewe bega asije akaanguka mtoni.

"Rudi mbele," alisema alipotulia. "Nimekusamehe."

"Sirudi."

"Bado umenuna?"

"Sijanuna. Tunakwenda Riaño, na Riaño wananijua. Nataka wanione naingia mji ule nimekaa nyuma, naendeshwa. Mawaziri hukaa nyuma."

Na kweli hakurudi. Walipanda korongo lote, wakatokea kwenye malisho ya juu ambako jua lilikuwa bado kali, wakavuka mlima kwenye kipito cha Pontón, wakateremka Riaño, mji ulio juu ya bwawa, na Laureano ameketi wima kati ya masanduku, kofia imenyooka. Mbele ya nyumba ya wageni ya Saturnino, rafiki yake wa tangu enzi za basi, hakufungua mlango mwenyewe. Alingoja mpaka Saturnino alipotoka na aproni yake, akaja, akainama dirishani.

"Laureano? Laureano wa basi? Nani amekuleta?"

"Mke wangu," alisema Laureano. "Na amenileta kinyumenyume."

Kisa hicho kilisimuliwa mezani kabla supu haijafika. Kilisimuliwa tena supu ilipofika, kwa sababu waliingia majirani wawili wa Saturnino, na tena kwa nyama ya kondoo, kwa sababu mmoja wa majirani hao alimwita shemeji yake. Nje kulikuwa bado kweupe, jua la Juni halina haraka huko juu, na mlimani mbele ya madirisha ng'ombe walikuwa wanateremka. Etelvina alikula kwa hamu kubwa na kusikiliza. Nusu kilomita ilishakuwa kilomita, ikawa kilomita na nusu. Lile pengo lilishaweza kumeza trekta. Hakumsahihisha mumewe. Lakini Laureano alipofika mahali pa kusema mabasi mawili, Etelvina aliweka uma chini.

"Basi lilikuwa moja."

"Lilikuwa moja," alikubali Laureano, "ila refu kama mawili."

Simu ya Etelvina ikalia. Alikuwa Iván.

"Mko wapi, mama?"

"Riaño. Tunakula."

"Mmefikaje huko? Nani anaendesha?"

"Nani mwingine? Nimekwambia mimi."

"Barabara ilikuwaje?"

"Nyembamba. Tumekutana na basi korongoni, ikabidi nirudi rivasi."

Sauti ya mwanawe ikashuka, sauti ambayo Etelvina hakuwa ameisikia tangu mtoto yule alipokuwa anamvizia baba yake afungue boneti ya gari.

"Ulirudi kiasi gani, mama?"

Meza nzima ilikuwa inamtazama. Laureano alikuwa ametanua mikono yake kadiri ilivyoweza kufika, na bado anaitanua.

"Kiasi cha kutosha, mwanangu," alisema Etelvina.

"Los Beyos?" alisema Iván. "Baba alipapita pale mara moja tu. Alisema harudi tena."

"Nakumbuka. Nilikuwepo, nimepakata sufuria."

Iván akacheka. Hakucheka kile kicheko kifupi. Alicheka cha mtu aliyeshindwa na anafurahi, akamwambia mama yake ampigie kesho wakifika pwani, amsimulie yote, asimwachie Laureano asimulie yeye. Etelvina alikata simu, akaiweka kando ya mkate, na kwa muda hakuweza kumtazama mtu yeyote pale mezani.

Saturnino alikuwa amesimama mlangoni anajipangusa mikono.

"Bi Etelvina, samahani. Kuna trekta linataka kuingia zizini, na gari lako limekaa langoni. Kama utanipa ufunguo nita…" Alijikata mwenyewe. "Kama utaweza kulisogeza. Pembeni ya ukuta pana nafasi."

"Wote dirishani!" alisema Laureano akiinuka. "Mtaona sasa!"

Wote wakaenda dirishani, majirani na shemeji na Saturnino, na Laureano katikati yao, ambaye hakuwa anaona kitu ila anga na kingo za pazia. Etelvina alitoka, akawasha gari. Nafasi ile pembeni ya ukuta ilikuwa kubwa, ng'ombe wawili wangelala humo. Alirudi nyuma, akakosea. Akatoka, akarudi tena, akapanda juu ya kijiwe, akateremka. Mara ya tatu kikasikika kishindo kidogo cha udongo. Mwenye trekta alitazama viatu vyake.

Etelvina alifunga gari, akaujaribu mlango kama umefungika, akaingia ndani kichwa juu, akavuta kiti chake.

"Limeingiaje?" aliuliza Laureano.

"Limeingia," alisema Etelvina. "Saturnino, nimekulazia chungu kimoja cha maua."

"Kile kilikuwa kimekaa vibaya tangu zamani," alisema Saturnino, na akamsogezea sahani ya jibini.